Shemeji Kang'oa Mpaka Kisiki

Admin, nifiche jina, sifa zangu ziache. Mimi mwanaume wa miaka 36, naishi Makandana hapa Tukuyu. Shule niliishia kidato cha pili, lakini dunia nimeila, Tunduma mpaka Lusaka, na kompyuta ya Linux naiendesha kama baiskeli.

Mama yangu haoni. Nikamwekea programu inayosoma kwa sauti: Biblia, meseji za wajukuu, kila kitu. Mwanzoni ilisoma kama Mzungu aliyeng'atwa na nyuki. Tukakaa miezi, mama anasahihisha, mimi natengeneza mipangilio. "Hapo umelikata ulimi jina la mjukuu wangu Anangisye, rudia!" Ikafika mahali ukiiwasha inaamkia kwa Kinyakyusa, "Mugonile, mama," naye anaitikia kama kaamkiwa na mtu.

Juzi nikiwa safarini sauti ikaanza kukwaruza. Nikampigia shemeji, mume wa dada yangu, fundi simu. Nikamwambia, "Iondoe hiyo programu, uiweke upya. Andika remove tu, mipangilio yangu itabaki." Yeye akaandika purge, neno linalofagia programu pamoja na mipangilio yake.

Narudi, ananipokea kwa majigambo: "Shem, nimekusafishia mpaka mizizi!"

Jamani! Mnyakyusa mzima! Sisi mgomba tunakata, kisiki tunakiacha kichipue. Nani kang'oa kisiki akasubiri mkungu? Na amekaa anatafuna ndizi za mama, mdomo umejaa, anacheka: "Si utatengeneza tena?"

Nitengeneze na nani? Masikio ya mama nayo yamechoka, majina hayapambanui kama zamani. Programu aliyoiweka upya ikimsomea kwa sauti yake ya Kizungu, mama anauliza, "Nani huyo kaingia?" Mwisho kasema, "Mwanangu, izime."

Nikataka kumtimua yule mchafu. Mama akanikamata mkono: "Yule ni mkwe wangu. Ukimfokea nyumbani kwangu, umenivua nguo mimi." Dada naye kaapa nikimgusa mumewe hakanyagi tena hapa. Na Jumamosi jamaa anakuja, eti kumalizia usafi!

Mimi mcheshi, mtaa mzima unanijua, ila hili limenishinda kucheka. Leo asubuhi nimeingia, nikasema, "Mugonile, mama." Akageuza uso, akauliza taratibu, "Ni wewe, au imepona?"

Ndugu zangu, nipeni akili. Jumamosi nimfungulie mlango huyu mtu nikicheka naye, au nimfungie, mama aaibike na dada nimkose? Mngekuwa mimi mngefanyaje?