Mzee Seremala na Nyumba ya Ndani ya Kompyuta

Mke wangu ni fundi wa kompyuta. Mimi namshikia tochi na kupiga domo. Wanaocheka nawaambia kila mtu na kipaji chake.

Juzi aliingia mzee seremala wa mtaa wa pili, kompyuta ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Binti yake anayesoma mbali amemjengea ndani ya kompyuta hiyo, kwa picha kama ya mchezo wa video, nyumba yao ya zamani, ile iliyobomolewa. Unaingia, unatembea chumba hadi chumba, na jikoni yumo marehemu mama wa binti, mke wa mzee, kwa sauti iliyotolewa kwenye simu ya zamani. Binti akamtumia na kadi ya grafiki ya kuibeba picha hiyo. Lakini mzee akifika mlangoni tu, kompyuta inazima. Duka moja lilimwambia kadi imekufa.

"Kila siku ananiuliza kama nimefika jikoni," alisema. "Namwambia nimefika."

Mke wangu aliitoa kadi, kompyuta ikafanya kazi saa nzima bila kuzima. Akairudisha; ikawaka vizuri, lakini picha ilipokuwa nzito, ikazima. Akafungua pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani, akalipima kiganjani. Kibandiko kinasema wati mia tano, boksi jepesi kama kopo tupu, wakati la kweli huwa zito! Alisema kadi ni nzima, ila inalala njaa ya umeme.

Mzee akajitetea kwamba alilichagua mwenyewe, na kibandiko alikisoma. Hapo uzalendo ukanishinda. Nikamuuliza tangu lini seremala akapima ubao kwa kusoma maandishi. Akacheka, mke wangu akanikanyaga mguu.

Alichomoa pawa saplai ya kompyuta yake mwenyewe, anayoiamini, akamfungia mzee. Safari hii mlango ulifunguka. Mzee akapita sebuleni, akasimama kidogo mbele ya kabati alilolichonga yeye, kisha akampigia binti yake simu.

"Mwanangu, nilikudanganya. Sijawahi kufika jikoni. Ndiyo naenda sasa."

"Najua, baba," binti akasema. "Ungekuwa umefika, ungeniambia mama anavyokuita."

Mzee akasogea hadi jikoni. Mwanamke aliyekuwa amesimama jikoni akageuka.

"Bwana Vumbi, nawa mikono uje ule."

Mzee akaitazama mikono yake, akaitika, "Nakuja, mke wangu."