Sato wa Wageni wa Uhuru

Enzi zetu kule Mwanza, mtoto akitumwa hakuuliza atapata nini. Mdogo wangu Kabula aliwahi kuuliza mara moja tu, tulipotumwa maji ziwani. Mama akamjibu bila hata kugeuka, "Utapata maji ya kunywa." Tukabeba ndoo zetu, tukateremka.

Mama hakuwa na fimbo wala peremende. Shangazi yetu, dada yake baba, alikerwa mno. "Samaki mkunje angali mbichi," alimwambia kila alipokuja. "Watoto hawa watakupanda kichwani!" Mama alicheka, akatupatia visu tumenye viazi vitamu. Tulimenya, tukakata, tukaanika michembe juu ya yale mawe makubwa yanayochoma nyayo saa sita mchana. Halafu tulicheza rede mpaka vumbi likatuingia masikioni, ila akipita mzee mchezo ulisimama, tukapiga magoti, "Shikamoo!"

Wiki ya Uhuru, baba mkubwa alikuwa anakuja na wenzake kutoka Misungwi. Mama akapasua sato wanene, akawatia chumvi, akawaanika mwambani na kumwachia Kabula awalinde. Bahati mbaya vijana wa mtaani walikuwa wakifanya mazoezi ya gwaride. Kabula akaenda kuchungulia kidogo. Aliporudi, mwewe walikuwa wamebakiza miba na mkia mmoja.

Shangazi, aliyekuja kusaidia mapokezi, alikuwa ameshakata fimbo. Kabula akaanza kulia, nami nikamlilia. Mama akaitazama ile fimbo. "Wifi, hiyo haiwarudishi sato." Kisha akamgeukia mtoto. "Wageni wako njiani. Tutawapa nini, na nani atawaambia?"

Kabula akafuta machozi kwa pindo la gauni. "Michembe ipo, na karanga. Nitawaambia mimi."

Heri ingekuwa fimbo! Kuwalisha wageni wa Uhuru michembe ilikuwa aibu ya nyumba nzima. Kabula akapika, akatwanga karanga, akawanawisha wageni mikono, kisha akapiga magoti mbele ya baba mkubwa.

"Shikamoo, baba. Sato wenu niliachiwa mimi, nikaenda kutazama gwaride. Mwewe wamewala."

Baba mkubwa akaitazama michembe.

"Marahaba, mwanangu," akasema baba mkubwa. "Kumbe na mwewe nao wamesherehekea Uhuru!"

Walicheka mpaka wakapaliwa, wakala wakakomba chungu. Mama hakumsifu Kabula hata kidogo. Kesho yake alianika samaki wengine, akamwachia Kabula yuleyule, akaenda zake sokoni bila neno. Shangazi ndiye aliyeshinda dirishani akichungulia. Hakuna mwewe aliyethubutu kutua.

Siku hizi mtoto nusura alipwe hata kwa kusalimia. Juzi mjukuu wangu, bingwa wa simu, alikuja kwangu Buswelu likizo. Nikamwambia aoshe vyombo. "Bibi, utaninunulia bando?"

"Utapata sahani ya kulia."

Akacheka, akarudi kwenye simu yake. Chakula kilipoiva, niliosha sahani moja, nikajipakulia, nikaanza kula. Akanitazama, akalitazama beseni, akainuka. Nikasikia vyombo vikigongana huko uani, machozi yakanilenga. Kabula hayupo tena, na hakuna mwingine aliyebaki wa kucheka naye jibu lile la mama.