Nilizinyoa Karatasi za Wifi Yangu, Aibu Akaibeba Yeye

Nilikosa, ndugu zangu. Nilikosa nikiwa na akili timamu, tumbo limeshiba, mchana kweupe. Sitamsingizia shetani, maana shetani hajui kukata gauni. Wala mimi sikujua, ila nilijiona najua.

Mhariri, jina langu naomba uliache. Hapa Bariadi likitajwa tu, wanawake wa umri wangu watacheka mpaka washike mbavu, na sitaki waanze kucheka kabla sijamaliza.

Nilikuwa na wifi, dada wa mume wangu. Nitamwita Minza. Alifundishwa kushona na masista wa misheni, akarudi nyumbani na cherehani na paterni nne, vielelezo vya kukatia nguo, alizozikata kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Nne tu! Blauzi, sketi, gauni na suruali. Alizitundika kwenye msumari na hizo ndizo zilikuwa elimu yake yote.

Mimi kushona nilijifunza kwa kuchungulia. Mume wangu aliuza pamba vizuri mwaka mmoja, akaninunulia cherehani, nikakaa baraza moja na Minza karibu na soko. Siku ya kwanza tu nilijiita fundi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Jana tulipanga foleni kwenye duka la ushirika kugombea kitenge kimoja, leo mitumba inamwagwa sokoni robota kwa robota. Kafa Ulaya, ndivyo tulivyoiita! Wanunuzi wapya wa pamba wakaja na malori yao, hela ikaonekana kidogo, na kila mwanamke akataka kupendeza kwa mkupuo.

Nami nikapendeza! Sanduku langu lilijaa mpaka nilikalie ndipo lifunge. Nilikuwa na koti la manyoya la kuvaliwa kwenye theluji, katika Bariadi hii ya jua! Nilikuwa na gauni la kung'aa lililo wazi mgongo mzima, ambalo mpaka leo sijajua wenzetu huko lilikotoka walilivaa kwenda wapi. Sketi tano, na hakuna hata moja iliyokubaliana na blauzi yoyote. Kila asubuhi nilipekua sanduku lote, halafu nikajifunga khanga.

Minza alikuwa na nguo saba tu. Nikamcheka.

"Wifi, hizo nguo zako za saruji zikinyeshewa si zitakugandia mwilini?"

Alicheka naye, akaendelea kukata.

Lakini mngemwona! Paterni ileile ya blauzi, leo kairefusha chini ya magoti, imekuwa gauni la kanisani. Kesho kaipasua mbele na kuitia vifungo, imekuwa koti jepesi. Shingo ya duara anaifanya ya mraba. Mikono akitaka iwe mipana, anaichana karatasi katikati, anaiachanisha vidole viwili, anakata upya. Na rangi zake zilielewana, hivyo kila sketi ilikwenda na kila blauzi. Watu walidhani ana kabati zima. Siku moja mke wa mganga mkuu wa wilaya aliniuliza, "Huyu wifi yako nguo zake ananunua wapi?" Aniulize mimi, mwenye koti la manyoya!

Wivu ukaniingia. Wateja walikuja barazani, wananisalimu "Mwangaluka," wananipita kama wanaruka dimbwi, wanakwenda kwake. Kwangu walileta zipu mbovu na suruali za mitumba za kukatwa miguu.

Ndipo akaja Mama Kulwa. Mumewe alikuwa mmoja wa wale wanunuzi wapya wa pamba, na sauti ya mama huyo ilifika kabla yake. Binti yao alikuwa anaolewa, na mama alitaka shangazi wa bibi harusi, tisa kwa jumla, washonewe kitambaa kimoja cha zambarau.

"Sare, lakini kila mmoja lake limkae mwilini," akasema. "Wengine wana matumbo, wengine wana miaka."

Minza akawapima wote tisa. Kutoka kwenye ile paterni moja ya gauni, alimchorea kila shangazi karatasi yake. Mwenye mtoto mchanga alipata mpasuo wa kifua apate kunyonyesha. Mzee wao aliyeanza kuinama aliongezewa mgongo. Karatasi tisa, na kila moja ina jina kwa mwandiko wake.

Kabla hajakata, habari ikaja kutoka Lalago kwamba shangazi yao yeye na mume wangu amezidiwa. Minza akafunga mzigo.

"Wifi, karatasi ziko tayari ila usikate. Nikirudi Jumatano nitakata mwenyewe, tushone wote."

"Nenda, wifi. Usiwe na wasiwasi."

Lori lake halijafika hata mwisho wa mji, nimeshakunjua kitambaa.

Nikatazama zile karatasi. Kwenye kila moja kulikuwa na mstari wa penseli, na nje ya mstari kuna ukingo wa vidole viwili kuzunguka pande zote. Nikasema, huu ni ushamba wa misheni, kupoteza kitambaa cha watu! Nikachukua mkasi, nikazinyoa karatasi zote tisa kwenye mstari.

Wanaojua kushona mmeshashika vichwa. Ukingo ule ndio akiba ya mshono, ndugu zangu. Ndio unaoingia ndani ya uzi. Bila huo, gauni la mtu mnene linakuwa gauni la binti yake.

Na nikiri yote: nilifurahi, maana kitambaa kilichobaki kilinitosha blauzi. Nilishajiona harusini nimevaa zambarau, Mama Kulwa akiniambia mbele ya watu kwamba fundi ni mimi.

Mmoja wa shangazi alikuja kuuliza, "Tuje lini kujaribisha?"

"Kujaribisha ni kwa mafundi wasiojiamini," nikamjibu. Loo! Mdomo huu!

Mvua zikaharibu njia ya Lalago. Jumatano ikapita. Minza alifika Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya harusi, matope mpaka magotini. Meza ilikuwa tupu.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Nimeshona zote na nimepeleka."

Akakaa kwenye kiti chake. Nikaandaa maneno ya kujitetea. Akasema tu, "Wabeja sana, wifi. Umeniokoa."

Alinishukuru! Na mimi nikazipokea hizo shukrani.

Kanisani shangazi waliingia wanatembea kama wamefungwa bandeji. Tukafika mahali pa kupiga magoti. Shangazi mkubwa, yule aliyeinama mgongo, akashuka polepole, na kanisa zima likasikia: praa! Padri akapoteza mstari aliokuwa anasoma. Alipoendelea, bibi harusi akavishwa pete, shangazi wawili wakainua mikono kupiga vigelegele. Praa, praa! Makwapa nje. Mwenye mtoto alikuta kifua kimefungwa moja kwa moja, kwa sababu mpasuo nilikuwa nimeuona ni urembo usio na kazi. Mtoto akalia mpaka mama akatolewa nje, wakamfumua kwa wembe nyuma ya kanisa. Kabla ya baraka za mwisho, shangazi sita walikuwa wamejifunga khanga za kuazima, kila moja na rangi yake. Hiyo ndiyo sare yangu!

Nilicheka mara moja, Mungu anisamehe. Kisha nikakumbuka nani aliyeshona.

Jumatatu Mama Kulwa alifika barazani na shangazi wanne, magauni yamo ndani ya beseni.

"Nani alikata hivi vitu?"

Minza hajafungua mdomo, mimi nimeshasema: "Mimi nilifuata karatasi zake. Tazameni, mwandiko ni wake, majina kayaandika yeye."

Vile vipande nilivyonyoa nilikuwa nimeshavichoma chini ya chungu cha maharage.

Minza akachukua karatasi ya shangazi mkubwa, akailaza mapajani, akavuta futi kamba, akapima. Akapima tena. Akachukua ya pili, akapima, akaiweka chini.

"Ni mwandiko wangu," akasema. "Sikuacha akiba. Nilikuwa na mawazo ya mgonjwa. Nisameheni, mayu, mama zangu, nimekosea mimi."

Mimi nilikuwa naitia mafuta cherehani. Haikuhitaji mafuta.

Walimtukana mpaka soko zima likajua. Wahuni wakampa jina, Fundi Praa. Akipita, mmoja anapasua jani la mgomba, praa, wengine wanaanguka kwa kicheko. Alivumilia wiki tatu. Kisha akaacha cherehani kwa kaka yake, yaani mume wangu, paterni zake nne akaziacha palepale msumarini, akaenda Mwamanyili kwa ndugu wa mama yake kulima mpunga.

Wateja wake wakaja kwangu, nikala raha mwezi mmoja. Nilizishusha zile paterni nne, nikazitandaza mezani. Nikazigeuza. Zilikuwa karatasi tu! Wapi pa kurefusha, wapi pa kuchana, vidole vingapi vya kuongeza, hayo yote aliondoka nayo kichwani. Nilimshonea mwalimu mmoja blauzi yenye shingo ambayo kichwa hakikupita. Kabla ya msimu wa pamba nilikuwa nimekaa chini sokoni nauza mitumba, na koti la manyoya nimelitandaza mbele kuvutia wateja. Halikununuliwa.

Ikapita miaka minne. Binti yangu akawa anapata kipaimara, akakataa kabisa mitumba yangu. "Nataka shangazi Minza anishonee." Mume wangu akasema nenda ukamwombe. Nikaenda Mwamanyili.

Nilimkuta anapepeta mpunga. Amekonda. Nikampa salamu, nikamweleza shida yangu. Akatikisa kichwa.

"Hapana, wifi. Mimi sikati tena nguo ya mtu. Nitamharibia mtoto siku yake."

"Wewe? Wewe unajua kukata kuliko mtu yeyote Bariadi!"

"Hukuona yaliyotokea? Na ulikuwepo!"

Hapo ndipo nilivunjika. Nikamwambia yote palepale, nimesimama kwenye makapi: mstari, mkasi, chungu cha maharage. Nilitegemea atalia, au atanipiga. Ningefurahi kama angenipiga.

Akaweka ungo chini.

"Unajua tangu siku ile napima kila kitu mara mbili? Unga wa ugali napima. Dawa ya mtoto wa hapa nyumbani namwomba jirani anisomee, na mimi kusoma najua. Nikifunga mlango narudi kuushika. Nilijua kichwa changu kimeharibika, wifi. Miaka minne! Kumbe kichwa kilikuwa kizima."

"Nisamehe."

"Kesho tunakwenda Bariadi. Utasema mbele ya Mama Kulwa na wale shangazi, kwa sauti ileile uliyonisingizia nayo."

Nikasema. Uani kwa Mama Kulwa, wanawake wamejaa, nikayasema yote mpaka kitambaa nilichobakiza cha blauzi. Nilipomaliza, yule shangazi mkubwa akajiegemeza kwenye fimbo yake.

"Ng'wana wane, mwanangu, kwa hiyo padri aliona mgongo wangu kwa sababu wewe ulitaka blauzi?"

Kicheko walichonicheka! Nilikistahili chote. Ila Mama Kulwa hakucheka. Alimgeukia Minza, akamshika mikono yote miwili, akamwomba radhi kwa kunong'ona. Mama yule, mwenye sauti ile!

Mume wangu alikula kwa mama yake mwezi mzima. Aliporudi aliniangalia mara moja tu, na mpaka leo kuna mambo ananiuliza mara mbili.

Minza hakurudi barazani kwetu. Alichukua cherehani yake akafungua chumba Lamadi, barabarani kabisa, wanapopita wachuuzi wa samaki. Wale wanawake husafiri na furushi dogo, na yeye huwakatia nguo nne kutoka karatasi moja, zinazovaliwa kwa namna kumi. Ana wanafunzi. Binti yangu ni mmoja wao, na sikumpeleka mimi, alijipeleka.

Mwaka juzi nilihitaji gauni la harusi ya mpwa wetu. Nikapanda gari mpaka Lamadi, nikakaa kwenye benchi na wengine. Zamu yangu ilipofika Minza alinipima vizuri, bila haraka, binti yangu akiandika.

"Mama, simama wima," Minza akaniambia. "Mama, geuka."

Mama, kama anavyomwita kila mteja. Nilisubiri aseme wifi hata mara moja. Akakunja futi kamba, akaita anayefuata.

Gauni lilinikaa sawasawa. Sijawahi kuvaa nguo iliyonikaa vizuri hivyo, na nililia nikiifunga vifungo.

Basi wewe unayesoma hapo unacheka, cheka, ni haki yako. Lakini kama umeharibu kazi ya watu, sema leo, vipande vikiwa bado mezani, upigwe kelele yaishe. Ukikaa kimya ukamwacha mwenzio aamini kwamba kosa ni lake, unakuwa umemnyang'anya akili yake akiwa hai. Unaweza kuja kumrudishia siku moja. Ila usitegemee kwamba utakaposimama mbele yake, bado atakuita kwa jina lile la zamani.