Olazábal Aliyeshindwa Dhumna

Mume wangu, Rigoberto Olazábal, alitoka katika ukoo ambao Camagüey nzima, kule Kuba, iliuogopa kwenye meza ya dhumna. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Hialeah, kwa miaka mingi, mume wangu huyo alivuma kuwa mchezaji mbovu kuliko wote, na mimi nikatakiwa ninyamaze.

Alifika Florida na suti moja na cheti cha ualimu ambacho hakuna aliyekitaka. Aliosha vyombo hotelini, akasoma jioni, hatimaye akawa mshauri wa wanafunzi katika shule ya sekondari. Ofisi alipewa, ila hakuitumia sana. Alisema mzazi wa Kikuba akiitwa shuleni humpiga mtoto kwanza, kisha ndipo huuliza kosa. Basi akawa anawafuata wazazi majumbani siku za Jumamosi, wakicheza dhumna.

Mwaka mmoja Maydelín Pupo alipata nafasi katika chuo kikuu cha Gainesville, mbali na kwao. Baba yake Evelio, fundi wa magari, akakataa katakata.

"Binti yangu halali nje ya nyumba hii mpaka aolewe."

"Una haki, Evelio," Rigoberto akamjibu. "Changanya kete."

Nilikuwepo, nikinywa kahawa na mke wa Evelio. Nilimwona mume wangu ameishika kete ya tisa-tisa, ile nzito ambayo mwenye akili huitoa mapema, akaing'ang'ania mpaka mwisho kama mtoto mchanga. Wakamcheka hadi majirani wakachungulia. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata. Shemeji wa Evelio, aliyekuwa akicheza upande wa Rigoberto, aliapa kwamba hatakaa naye tena.

"Unatuaibisha," nilimwambia garini.

"Mkuba aliyeshindwa hasikii la mtu, Hortensia. Aliyeshinda hugawa mpaka shati."

Ilifika Jumamosi Evelio akafuta machozi ya kicheko, akampigapiga begani. "Masikini Mwalimu. Haya, msichana aende. Siwezi kukunyima kila kitu."

Leo Maydelín ni daktari wa watoto. Mwaka jana, tulipomzika Rigoberto, baba yake alisimama kando ya jeneza.

"Mungu amlaze pema. Alikuwa mtu wa watu. Lakini dhumna, jamani, hakuijua."

Watu wakacheka, mbele ya marehemu. Daktari akainamisha kichwa. Mimi nikamshukuru Evelio kwa kuja, maana ndivyo nilivyolelewa.

Mwezi mmoja baadaye nikamwalika yeye na mkewe nyumbani. Dada yangu alicheza upande wangu. Kahawa niliipika mwenyewe, na kete nilizitoa kabatini, zile za baba mkwe.

Tulianza kucheza. Evelio alianza kwa mizaha, kisha akaiacha. Mwishoni alibaki na kete moja mkononi, nayo haikuwa na pa kwenda.

"Bi Hortensia, nani alikufundisha kucheza hivi?"

"Rigoberto. Jikoni hapo. Sikuwahi kumshinda."

Evelio aliilaza mezani ile tisa-tisa iliyombakia, akaitazama. Mkewe alimgeukia, kisha akageuka pembeni.

"Jumamosi zote zile," Evelio alisema.

"Kunywa kahawa, Evelio. Inapoa."