Nati ya mwisho kwenye lori la mjomba

Saa moja na nusu asubuhi, Andrea ameketi vumbini huko Msamvu, mjini Morogoro, miguu ameitanua mbele ya gurudumu la lori, na anatukana. Hamtukani mtu. Anaitukana nati.

Nati yenyewe iko kwenye gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Nyingine saba zimeshatoka na ziko ndani ya kopo la mafuta ya taa. Hii ya nane imegoma. Kona zake sita zimelika hadi imekuwa duara kama kifungo cha koti, na kila spana inayowekwa inazunguka bure. Kwa chini imeganda kwa kutu.

"Aliyeifanya hivi ningemkamata mimi," anasema fundi huyo, halafu anajikatisha mwenyewe. Aliyeifanya hivi ni mjomba wake.

Asiyewajua Waluguru ataliona jambo hili dogo. Kwao ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Shamba analolima Andrea kule Mgeta, yeye na mdogo wake Bernadeta, ni la ukoo. Anayesema nani alime wapi ni huyo huyo Mzee Raphael, mwenye lori.

Kisa chenyewe kinaudhi hata kukisikiliza. Kwenye malori ya Kiingereza ya aina hii, nati za magurudumu ya kushoto zina uzi wa kinyume, ili zisijilegeze gari likitembea. Kuzifungua, unazungusha upande ule ule ambao kwa nati nyingine ungekuwa unakaza. Mzee Raphael alipata pancha karibu na Mlali, akachomeka bomba la chuma kwenye spana, akaning'inia yeye na utingo wake. Walidhani wanafungua, kumbe wanakaza.

"Walikaza mpaka nati ikalia," anasema Andrea. "Wala hawakujiuliza! Ikikataa, ongeza bomba. Ikikataa tena, ongeza mtu. Ndio ufundi wa siku hizi."

Gurudumu hilo la nyuma lina tairi mbili, na waliposhindwa waliliacha la nje lenye pancha hivyo hivyo, limenywea, na lori likaja mjini likiegemea tairi la ndani peke yake. Hapo ndipo dereva, Twalibu, alipomnong'oneza Andrea jambo la pili. Pedali ya breki inazama, na kwenye miteremko lori linavuta kwenda kulia. Andrea akachungulia kwa ndani, akaona oili ya breki imechuruzika juu ya tairi. Breki ya gurudumu hilo la kushoto haikamati, na hawezi kuifikia mpaka nati ya nane itoke.

Barabara ya Mgeta kila mtu Morogoro anaijua. Upande mmoja mlima, upande wa pili hakuna kitu. Na juu ya mzigo wa kabichi, kila siku ya soko, mara mbili kwa wiki, wanakaa akina mama wenye kabichi zao. Bernadeta ni mmoja wao.

Andrea, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, alifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye gereji ya shirika moja la uchukuzi. Palikuwa na desturi moja pale, na anamsimulia mwandishi wa habari hii akiwa amenyoosha tindo kama mwalimu aliyeshika fimbo. Fundi aliyetengeneza breki, safari ya kwanza anapanda yeye, na hapandi mbele na dereva. Anakaa juu ya mzigo.

"Hakuna aliyelipua kazi," anasema. "Utalipuaje, na roho yako iko juu ya magunia?"

Shirika likafa. Wafanyakazi wakaambiwa warudi nyumbani, malori yakauzwa, na hili la Mzee Raphael ni mojawapo. Spana nazo zikauzwa, kwa kilo, kama vyuma chakavu. Andrea alisimama getini akaiona ikipakiwa ile spana nzito iliyokuwa ikizitosha nati hizi barabara. Mpaka leo, mwaka huu wa 1996, akifika hapo kwenye simulizi anatema mate pembeni.

"Tunaambiwa biashara ni huria, vitu vimejaa madukani. Kweli vimejaa. Nenda kanunue spana, inang'aa hiyo! Ibane mara tatu, mdomo umepanuka. Nati mpya ndiyo usiseme, unaimenya kama ndizi. Na lori lililochoka namna hii nani analizuia barabarani? Kila mwenye lori ni serikali yake mwenyewe!"

Siku nzuri inamwachia shilingi elfu tatu. Siku mbaya anarudi nyumbani na harufu ya mafuta ya taa tu.

Njia ya haraka ingekuwa kuichomelea nati hii nati nyingine kubwa juu yake, ili ile kubwa ndiyo ishikwe na spana. Lakini leo umeme uko kwenye mgawo. Ameipaka mafuta ya taa tangu jana, ameipiga tupa ubavuni apate pa kushika, imekataa. Kilichobaki ni tindo na nyundo. Ataipasua nati katikati bila kugusa uzi wa bolti. Bolti ikiharibika, ya kuiweka badala yake haipatikani.

Saa tatu Mzee Raphael anafika, amevaa koti, Bernadeta nyuma yake. Andrea anainuka, anafuta mikono.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Bado unachezea nati?" Mzee haangalii gurudumu. "Rudisha hizo saba, jaza oili ya breki, gari lipande mlimani. Tairi la ndani lipo. Kesho ni soko."

"Breki haishiki, mjomba."

"Ilikuwa haishiki mwezi mzima, na tumefika! Mimi nakuambia kama mjomba wako. Au shamba lile umelichoka?"

Mafundi wa jirani wanaweka nyundo chini. Neno hilo la shamba ni zito, na limesemwa mbele za watu. Andrea anamgeukia mdogo wake, labda apate msaada. Hapati.

"Kaka, nifungie tu," anasema Bernadeta. "Kabichi nimeshakata. Ziko barabarani kule Mgeta, jua linazipiga. Mimi nitakaa upande wa kuruka, breki zikikataa."

Hapo ndipo Andrea anapofura. Ukali wa mjomba ameshauzoea, lakini dada yake wa tumbo moja kujipangia mahali pa kuruka, hilo linamshinda.

"Sawa," anasema. "Nafunga sasa hivi. Ila kesho, mjomba, wewe usiende kwa basi. Utakaa juu ya kabichi, wewe na Bernadeta, upande huo huo wa kuruka. Kubali hapa mbele ya watu, nifunge."

Mzee Raphael anasogea karibu na lori. Anatazama gurudumu kwa mara ya kwanza tangu afike. Anavua kofia.

"Breki hizo," anauliza taratibu, "zinatengenezwa kwa muda gani?"

Andrea anachukua nyundo. Anapiga magoti, anaweka tindo, anapiga. Baada ya mapigo mengi nati inapasuka na kudondoka vipande viwili, bolti haina hata mkwaruzo. Gurudumu linatoka. Ndani, viatu vya breki vimelika vyote, kimebaki chuma kinachosaga chuma, kimelowa oili. Bernadeta anaangalia, anajishika kiuno, anakwenda kukaa mbali.

Siku tatu baadaye mwandishi anarudi Msamvu. Soko limepita. Lori lina viatu vipya vya breki, na nati zote nane zimekaa mahali pake, moja imetolewa kwenye lori bovu huko Mikese. Juu ya kila gurudumu la kushoto Andrea amechora mshale mweupe kuonyesha upande wa kufungulia. Anataka siku moja awe na seti yake ya spana za zamani, anazitafuta kwa wauza vyuma, na ameapa kuirudisha ile desturi ya gereji hata kama ataifuata peke yake.

Bernadeta naye yupo, amesimama kando ya lori, hajamsalimia kaka yake.

"Kabichi zangu zimeoza kwa sababu yako," anasema.

"Zimeoza," anajibu Andrea. "Ungependa tukuzike wewe kwa ajili ya kabichi?"

Dada anageuza uso, lakini haondoki.

Keshokutwa ni soko tena. Andrea atakaa juu ya mzigo, na ameshaandaa gunia la kukalia mjomba, pembeni mwa pale atakapokaa Bernadeta. Mzee ametuma salamu kwamba atakuja.

"Asipokuja, gari haliondoki," anasema fundi, na anapapasa mfuko wa suruali yake. Ufunguo wa lori umo.