Matarumbeta Getini

Hata leo, tarumbeta likilia mtaani kwetu Njiro asubuhi ya Jumamosi, mimi hugeuka kutazama kufuli la geti kabla akili haijaniambia kwamba ni harusi. Woga huo niliurithi kwa mpangaji wetu. Ilikuwa enzi ya ruksa, madukani kumejaa sabuni za kunukia, na watumishi wa serikali kama baba walijenga vyumba vya uani ili mshahara upate mwenzake. Baba alimpangisha mgeni kutoka Afrika Magharibi, mtu mrefu, mpole. Huko kwao wanajeshi walikuwa wamepindua serikali na kuteua maofisa wenzao kutawala mikoa, naye alikuwa mmoja wao. Kisha wanajeshi wengine wakawapindua hao, akakimbia. “Mtu akiwauliza, semeni ni mwalimu wa Kiingereza,” baba alituonya, akaanza kufunga geti kwa kufuli mchana kweupe.

Tangu hapo niliogopa kila gari lililopunguza mwendo nje ya ukuta wetu. Niliamini kwamba wakija kumchukua mgeni watambeba na baba. Mgeni naye alikuwa na woga wake. Tukimwamkia shikamoo alijibu marahaba aliyofundishwa na mama, macho yakiwa getini. Siku moja mdogo wangu Eliya alimwita Mkuu wa Mkoa, akala kofi la mama, na mama hakuwa mtu wa makofi. Nikajua jambo hili si mchezo.

Kisha shangazi, aliyekuwa akiishi nasi, akaolewa, na katika pilikapilika zile hakuna aliyekumbuka kumweleza mgeni desturi zetu. Asubuhi hiyo ya baridi, mlima Meru umejifunika mawingu, pikapu ya upande wa bwana harusi ilisimama getini kumchukua bibi harusi, na matarumbeta yakalia yote kwa pamoja. Mgeni alitoka miguu mitupu, na fulana ya ndani tu. Alitusukuma mimi na Eliya nyuma ya tangi la maji, akaelekea getini mikono juu.

“Watoto hapana,” alisema kwa Kiswahili chake kidogo. “Mimi. Mimi peke yangu.”

Wapigaji wakaacha mmoja mmoja. Mama alimfunika mabega kwa kitenge chake kipya, akamrudisha ndani. “Ni harusi tu, baba. Harusi.” Kisha akatugeukia sisi: “Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.”

Baadaye baba alitueleza kwamba huko kwao redio hupiga matarumbeta ya jeshi kabla ya kutangaza mapinduzi. Mara ya kwanza mgeni aliyasikia akafurahi, maana mkoa alipewa yeye. Lakini mkuu wa mkoa aliyemtangulia alipelekwa wapi, hilo hakumwambia baba.

Lakini harusi nzima ilikuwa imemwona, na siri ikawa ya mtaa. Haikupita wiki, vyumba vya uani vikawa vitupu. Sijui alifika wapi, na roho bado inaniuma.

Siku hizi kuta za Njiro ni ndefu zaidi, zina nyaya za umeme juu. Matarumbeta yakipita, wanangu hukimbilia getini na simu zao wapige picha. Mimi huwavuta mabega kwanza, nikawaweka nyuma yangu, mpaka nisikie vigelegele.