Daftari Alilochukua Mtani

Kwa miaka kumi na mitatu Ethel, ambaye watu humwita Mama Careen, alikaa na redio ya mkononi kwenye kibanda cha bati, pembeni mwa kiwanja kidogo cha ndege nje ya Masasi. Kiwanja hakina mnara. Rubani anayekuja hutakiwa kutangaza mwenyewe hewani yuko wapi na yuko juu kiasi gani, ili mwenzake asikie ampishe. Kazi ya Ethel ilikuwa kufukuza mbuzi, kutazama upepo na kuandika kila alichoambiwa katika daftari lenye jalada la bluu. Aliandika hata yale ambayo hakuna aliyemwomba.

Gasper alikuwa rubani wa ndege ndogo ya kubeba dawa na wagonjwa, Mngoni wa Songea, amemzidi Ethel miaka kumi na miwili. Kwa umri ule alistahili shikamoo kila siku, lakini hakuipata hata mara moja, kwa kuwa Ethel ni Mmakua, na Wamakua na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu.

"Mateka wangu, hujambo?" Gasper alisema kila akishuka.

"Nyamaza huko, mkimbizi wee! Umekuja kula tena?"

Alikuwa akiingia kibandani, akifunua sufuria na kuondoka na paja la kuku, na Ethel alicheka mpaka machozi. Naye aliwahi kuchukua kofia ya Gasper ya urubani akaivaa sokoni wiki nzima. Utani ndio huo. Cha mtani huombi, unachukua, na mwenye kitu akinuna ndiye mkosaji.

Uzembe ukaingilia hapo hapo. Gasper alizoea kutotangaza hewani. Akiwa Newala, kabla ya kupaa, alipiga simu: "Mama Careen, natoka. Futi elfu tano. Nisemee." Ethel akamsemea. Tena tangu Machi kile kisanduku kinachoionyesha ndege yake kwenye kioo cha mitambo ya ndege nyingine kilikuwa kimekufa. "Usinichome kwa wakubwa, mtani," alisema. "Wiki ijayo kitatengenezwa." Ethel hakumchoma, ila kila safari aliandika pembezoni mwa daftari: kisanduku bado.

Kisha ndege ya abiria, ya viti hamsini, ikaanza kuja mara mbili kwa wiki. Alhamisi moja ya Novemba, saa nne asubuhi, rubani wake aliuliza kama kuna mtu mwingine angani. Ethel akamsomea alichoandika baada ya simu ya Gasper: ndege ndogo kutoka Newala, futi elfu tano.

"Basi nitabaki elfu saba mpaka nimwone," akajibu yule, akafanya hivyo hivyo.

Lakini Gasper alikuta wingu limekalia ukingo wa uwanda wa juu wa Newala. Akapanda mpaka elfu saba, na hakumwambia mtu. Kioo cha ndege kubwa hakikuonyesha kitu. Rubani wake alimwona Gasper kwa macho, dirishani, akaipindua ndege ghafla. Zilipishana karibu mno, abiria waliiona hata miwani ya Gasper. Bibi mmoja alivunjika mkono. Ndege zote mbili zilitua salama, na Ethel aliyaona yote kutoka chini.

Jumamosi Gasper alikuja nyumbani kwa Ethel. Akachukua papai mezani, akachukua na daftari la bluu.

"Hili nalo langu, mateka. Nawe njoo Songea ujichukulie ng'ombe."

Ethel hakuwa amecheka tangu Alhamisi. Akacheka sana, akamsindikiza mpaka barabarani.

Jumatano wachunguzi watatu kutoka Dar es Salaam waliketi Masasi. Gasper alisimama kwanza, shati limenyooshwa. "Nilimwambia elfu saba," alisema. "Labda alikosea kuandika, kama aliandika." Wakamuuliza habari za daftari. "Mimi sijaona daftari lolote." Hakumtazama Ethel hata kidogo.

Ikaja zamu ya Ethel. Akaeleza yote, hata habari ya kisanduku.

"Alikuja nyumbani akalichukua daftari."

"Ukamwachia?"

"Nilicheka."

Wachunguzi wakatazamana. Simu ilionyesha kwamba Gasper alipiga, haikuonyesha alichosema.

"Na kisanduku, ulijua ni kibovu tangu Machi?"

"Nilijua."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

Mwisho wa mwezi akanyang'anywa redio na kazi. Kosa lake alilikubali. Watu hamsini wangekufa, naye alikuwa amefunga mdomo kwa ajili ya rafiki. Kilichomuuma, na kinamuuma mpaka leo, ni kule kuchekeshwa akiibiwa. Gasper alijua kwamba mlango wa utani hauna kufuli, akaingilia humo humo.

Sasa Ethel anauza vitumbua Nanganga, kando ya barabara kuu. Mwezi Februari gari lilisimama, akashuka Gasper na kofia yake ya urubani. Walikuwa wamemsimamisha kwa ajili ya kisanduku, sasa wamemruhusu kuruka tena.

"Mateka wangu! Bado umenuna?" Akanyoosha mkono, akatwaa kitumbua, akakaa tayari kutukanwa.

Ethel alijifuta mikono kwenye khanga. Akasimama, akapiga goti kidogo, kama mtu anayemwamkia mzee asiyemjua.

"Shikamoo, baba."

Wateja wote walikuwa wakitazama. Kitumbua kilibaki mkononi mwa Gasper.

"Marahaba," alisema.

"Nikufungie vingapi?"